UZI: Mfamasia wa mji mdogo aliyeingia siasa. Mzee Humphrey wa South Dakota na mwanae Hubert, tuanzie kaunta

Mtoa mada

Wakuu habari za usiku. Umeme umekatika tangu saa kumi, duka nimefunga mapema, nikasema leo niandike hii habari niliyokaa nayo kichwani muda mrefu. Mimi ni mfamasia, nipo mji mdogo, mwaka wa kumi na moja huu nasimama nyuma ya kaunta. Kila uchaguzi ukikaribia hawakosi watu wa kuniambia "dokta gombea udiwani, mji mzima unakujua". Sijagombea na sijui kama nitagombea, ila hilo neno ndo lilinifanya nianze kufuatilia wafamasia waliotoka dukani wakaingia kwenye siasa, na ambao hawajaniachia mpaka leo ni baba na mtoto, wote wanaitwa Hubert Humphrey, wote wafamasia, wa jimbo la South Dakota kule Marekani.

Mtoto wengi mnamjua au mmewahi kumsikia, alikuwa makamu wa rais wa Johnson, akagombea urais 1968 akapigwa na Nixon. Baba hajulikani sana. Mimi nataka nianze na baba, maana huwezi kumwelewa mtoto bila yule mzee.

Mzee alikuwa na duka la dawa kwenye kijiji kinaitwa Wallace, na 1911 huyo Hubert mdogo alizaliwa kwenye chumba cha juu ya duka. Yaani mtoi kazaliwa juu ya makabati ya dawa. Baadae wakahamia Doland, mji wa watu mia kadhaa tu, ngano na mahindi kila upande, na pale duka la mzee ndo lilikuwa baraza la mji. Watu wanakuja kuchukua dawa wanakaa, wanaongea bei ya ngano, wanaongea dini, wanaongea Washington. Mzee alikuwa mtu wa Democratic kwenye mji ambao karibu wote ni Republican, na bado walimpa udiwani na umeya. Mnaofanya kazi kaunta mnaelewa hii. Mtu hakuangalii chama, anaangalia usiku ule mtoto wake alikuwa na homa nani alimfungulia mlango.

Miaka ya 1920 Doland walikuwa na mtambo wa umeme mali ya mji wenyewe, ikaja hoja uuzwe kwa kampuni binafsi, na mzee akasimama kuipinga barazani. Alikuwa anaenda na mwanae kwenye vikao, dogo anakaa pembeni anasikiliza baba anavyobishana na watu wazima wenzake mpaka usiku. Mzee akashindwa, mtambo ukauzwa. Dogo alichokuja kusimulia ukubwani ni kwamba vikao vikiisha baba anatoka na wale wale waliompinga, anawasalimia, na kesho yake wapo dukani kwake kama kawaida.

Halafu njaa ikaja. Sisi tukisikia mdororo wa uchumi Marekani tunakumbuka 1929, ila kule kwa wakulima ulianza mapema zaidi, bei za mazao zilikuwa zimeshaporomoka. Benki za Doland zilikuwa mbili na zote zikafungwa. Wakulima hawana hela, dawa wanachukua kwa mkopo, na mkulima anayedaiwa dawa ya mtoto utamfanyaje, utamnyang'anya mtoto? Mzee akawa na daftari limejaa madeni na yeye mwenyewe anadaiwa na wauzaji wa jumla. Akauza nyumba yao. Siku hiyo Hubert alirudi toka shule akamkuta mama yake, mwanamke mhamiaji toka Norway, yupo nje chini ya mti analia, baba yupo na mtu anasaini karatasi, na baada ya yule mtu kuondoka baba naye akalia. Ndo mara ya kwanza Hubert kumwona baba yake analia.

Hapo ndo nilipofunga simu nikakaa kimya kwanza. Mimi nina daftari la namna ile hapa dukani, jina la mteja, dawa, kiasi, na kule pembeni nimeandika "akivuna". Kuna majina yapo humo toka mwaka juzi. Nikisoma habari za yule mzee sioni historia ya Marekani, naona daftari langu.

Naendelea kesho, chaji inaisha.

mama_mashamba

Dokta umenigusa, mimi ni mmoja wa hao wa "akivuna" japo si duka lako. Malizia.

fundi_redio

Mkuu story nzuri ila tuwe wakweli, Humphrey si ndo yule aliyekuwa makamu wakati Vietnam inachomwa moto? Mbona kama unataka kutuletea mtakatifu hapa?

Mtoa mada

Fundi nimekusoma, na hiyo ya Vietnam nitaigusa siikwepi, ila kwa mpangilio wake.

1931 mzee akahamisha duka kwenda Huron, mji mkubwa kidogo, watu kama elfu kumi na moja. Hubert alikuwa ameshaanza chuo kikuu cha Minnesota, ikabidi aache, hela hakuna, arudi asaidie dukani. Wakamtuma Denver, chuo cha famasi cha Capitol, kozi ya miaka 2 akaimaliza kwa miezi 6. Waliosoma famasi mnajua uzito wa hilo, majina ya kilatini, vipimo, mchanganyo, sheria, vyote ndani ya nusu mwaka na leseni akapata. Kutoka hapo mpaka 1937 kaunta ilikuwa yake.

Sasa hili duka la Huron lilikuwa na nguruwe wa mbao ananing'inia mlangoni. Sio pambo, lilikuwa bango, linamwambia mkulima hapa dawa za mifugo zipo. Mzee aligundua kwamba mkulima anaweza kuahirisha dawa yake mwenyewe lakini nguruwe akiumwa atakuja mbio, maana nguruwe ndo ada ya shule, ndo kodi. Wakatengeneza mchanganyiko wao wa madini na dawa ya minyoo ya nguruwe wakauita BTV, kijana yupo chini kwenye chumba cha ardhini anakoroga, mzee anazunguka mashambani na gari anauza. Na za binadamu walikuwa nazo pia, mafuta ya kifua, na matone ya pua waliyoyaita Sniffles.

Hayo matone ndo nimeyapenda kupita kiasi. Hubert mwenyewe alikuja kueleza baadae kwamba matone yaliyokuwa yanauzwa na kampuni kubwa yalitumia mafuta ya madini ambayo pua hainyonyi, wao wakaweka mafuta ya mimea yanayonyonywa, halafu akaongeza benzokaini, ile dawa ya ganzi, ili hata kama mafua hayaponi basi mtu asiyasikie sana. Mfamasia akisoma hapo anaona mkono wa mwenzake. Mafua hayana dawa, tunajua wote, mtu anakuja kaunta macho mekundu pua imeziba anataka leo apone, na wewe unachoweza kumpa ni nafuu ya usiku mmoja alale. Kijana wa miaka ishirini na kitu alishaelewa kwamba nafuu nayo ni kazi, sio tu kuponya.

Na nje ya duka hali ilikuwa mbaya. South Dakota miaka ile ilikuwa ukame, panzi wanamaliza shamba, na upepo unachukua udongo wa juu wote unaupeleka angani, mchana unakuwa giza, vumbi linaingia mpaka kwenye makabati. Hubert alikuwa anaumwa tumbo muda wote, na alikuja kusema lilikuwa vumbi na mawazo. Anataka kuondoka, anampenda baba, hawezi kumwambia. 1935 alienda Washington, akaona bunge, akamwandikia barua mchumba wake Muriel kwamba siku moja anaona anaweza kuja kufanya kazi pale. Wakaoana 1936. Agosti 1937 ndo akamfungukia baba. Mzee alikuwa anataka kumpa ubia kamili wa duka, nusu kwa nusu, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza siasa za jimbo, aliingia kwenye bunge la South Dakota akakaa kwa muda mfupi. Fikiria huyo mzee. Duka limesimama tena baada ya kufilisika, jimbo limeanza kumsikia, anamhitaji mtoto akae dukani ili yeye atoke. Na mtoto anasema sina furaha. Mzee akamjibu kwa maneno machache kwamba kama huna furaha basi fanya kitu.

Kwangu mimi hapo ndo kwenye kilele cha habari nzima, zaidi ya urais na vyote. Mtoto akaenda, baba akabaki na kaunta.

binti_kaunta

Jamani mimi nafanya kazi famasi ya mjomba wangu miaka minne sasa, nataka kurudi chuo na sijaweza kumwambia. Nimesoma hii nimelia.

Mtoa mada

Binti, mwambie mjomba. Chagua siku ambayo hakuna hesabu za mwezi, mkae, mwambie polepole. Mtu anayefungulia wagonjwa usiku hatashindwa kukusikia wewe.

Tuendelee. Minnesota alimaliza 1939, akachukua digrii ya pili Louisiana 1940, na huko Louisiana ndo aliona kwa macho yake ubaguzi wa kusini, mabomba ya maji ya weupe na ya weusi. 1945 akawa meya wa Minneapolis, na wakati huo mji ule ulikuwa na sifa mbaya sana kwa jinsi ulivyowabagua Wayahudi. Akasukuma sheria ndogo ya mji dhidi ya ubaguzi kazini, ilipitishwa 1947, na ilikuwa ya mwanzo mwanzo kabisa kwa miji ya Marekani.

Halafu 1948, Philadelphia, mkutano mkuu wa Democratic. Yeye ana miaka 37, meya tu. Wakubwa wa chama wanamwambia acha hii habari ya haki za weusi, kusini watatoka, Rais Truman ataanguka, na wewe siasa yako imeisha. Alikuwa amesita. Baba yake alikuwepo ukumbini kama mjumbe wa South Dakota, yule yule mwenye duka la Huron. Kijana akapanda jukwaani tarehe 14 Julai, hakufika hata dakika kumi, akaambia chama kitoke kwenye kivuli cha haki za majimbo kitembee kwenye jua la haki za binadamu. Kura zikapigwa, hoja yake ikapita, 651 na nusu dhidi ya 582 na nusu. Wajumbe wa Mississippi wote na baadhi ya Alabama wakatoka nje. Truman hakuanguka, alishinda Novemba, na Hubert akachaguliwa kuingia Seneti mwaka huo huo.

Mzee alifariki 1949. Aliwahi kumwona mwanae seneta kwa muda mdogo tu.

mwenye_duka_ruvuma

Mtoa mada mimi nina duka la dawa muhimu huku Ruvuma, na huku kwetu ndo mpango huo ulianzia 2003, kabla ya hapo tulikuwa tunaitwa dawa baridi. Swali langu, huyo bwana alipofika bungeni alikumbuka famasi au alisahau kama wote?

Mtoa mada

Asante kwa hilo swali, hapa ndo natamani kila muuza dawa asome.

Kabla ya 1951 Marekani sheria yao haikuwa na mstari wazi kati ya dawa ya kuuzwa kwa cheti na dawa ya kununua tu. Sheria ya 1938 ilikuwepo lakini kwa kiasi kikubwa mtengenezaji ndo anaamua kwenye lebo. Ikawa dawa ile ile kampuni moja inaandika kwa cheti tu, nyingine inaiuza kama peremende. Mfamasia kaunta anakaa katikati, akiuza anashikwa, asipouza mteja anamwonyesha chupa ya jirani. Wakaja wafamasia wawili bungeni, Carl Durham wa North Carolina upande wa Baraza la Wawakilishi, na Humphrey upande wa Seneti, wote wamewahi kusimama kaunta. Wakapitisha marekebisho ya 1951 yanayobeba majina yao. Dawa yenye madhara ambayo haifai kutumiwa bila uangalizi iandikwe wazi kwamba sheria inakataza kuitoa bila cheti, cheti cha simu toka kwa daktari kikubalike ila kiandikwe, na kurudia dawa lazima daktari aruhusu.

Ile habari ya cheti cha simu ndo inaniambia mtu huyu hakusahau. Aliyekaa mjini tu hawezi kuwaza hilo. Daktari yupo shamba la mbali, dhoruba ya theluji, mgonjwa anahitaji dawa usiku huu, mfamasia yupo na simu. Hiyo sheria imeandikwa na mtu aliyewahi kupokea hiyo simu.

Na sisi hapa kila siku tunapambana na kitu hicho hicho. Jana tu kaja kijana, "dokta nipe zile za rangi mbili, nne tu, nina usaha." Nne! Namwambia hizi ni antibayotiki zina dozi yake, nenda kapimwe urudi na cheti, ananiangalia kama nimemtukana, anatoka anavuka barabara. Najua amezipata. Na mimi nimekosa hela ya chakula cha jioni na yeye kaenda kutengeneza usugu mwilini mwake. Ule mstari bado unachorwa upya kila siku na mtu aliye nyuma ya kaunta, karatasi peke yake haitoshi, na inauma sana ukiwa peke yako mtaa mzima unaushika.

Njeri_wa_Nakuru

Vizuri sana mtoa mada. Na usisahau huyu alifika mpaka kwetu Nairobi Januari 1968, enzi za Mzee Kenyatta, ilikuwa ni ile safari yake ya nchi kadhaa za Afrika. Babu alikuwa akitusimulia kuhusu msafara wa magari.

Mtoa mada

Asante Njeri. Na kwa Tanganyika pia kuna uzi unaounganisha. Wale vijana wa kujitolea wa Marekani, Peace Corps, mswada wa kwanza wa kuanzisha kitu cha namna hiyo Humphrey aliupeleka Seneti 1957 na wenzake wakauona wa kitoto. Kennedy akaja kuuanzisha 1961, na Tanganyika ikawa kati ya nchi za mwanzo kabisa kuwapokea, mwaka huo huo.

Sheria ya haki za kiraia ya 1964 nayo, yeye ndo alikuwa nahodha wake Seneti. Wapinzani waliongea kwa zamu zaidi ya miezi miwili ili kuua mswada, na yeye hakukubali kumtukana hata mmoja wao, alikuwa anaenda kwa Dirksen kiongozi wa Republican kila siku kama mtu anayefuatilia deni kwa adabu. Tarehe 10 Juni kura 71 kwa 29 zikafunga mjadala. Mkumbuke yule dogo kwenye vikao vya Doland.

Sasa fundi_redio, Vietnam. Februari 1965, makamu mpya kabisa, alimwandikia Johnson waraka kumwonya asitanue vita, akamweleza kisiasa kwa nini wananchi hawataielewa. Johnson akakasirika, akamtoa kwenye vikao vya vita karibu mwaka mzima. Na Humphrey badala ya kusimama alipokuwa amesimama, akarudi kundini, akawa anaitetea hadharani vita aliyoijua ni makosa. Mimi simtetei hapo. Mfamasia akijua dawa inaua haruhusiwi kuitoa hata kama daktari bingwa ndo kaandika, ndo kiapo cha kazi yetu, unarudisha cheti. Yeye hakurudisha. Watu walikufa kwa maelfu, vijijini kwao Vietnam na vijana wa Huron pia, na 1968 alipogombea vijana wakamfuata kila mkutano wakimzomea. Septemba mwishoni ndo akasema atasimamisha mabomu, akaanza kupanda, akashindwa kwa kama kura laki tano tu kati ya zaidi ya milioni 70. Naamini angesema mapema angeshinda. Ila hata asingeshinda, alipaswa kusema.

fundi_redio

Hapo sawa dokta, nimekuelewa. Nilidhani utaruka.

binti_kaunta

Na duka la Huron liliishia wapi? Na alipokufa ilikuwaje?

Mtoa mada

Duka halikufa, kaka yake Ralph alibaki nalo. Ralph naye ana habari yake, kuna kipindi walikuwa wanapokezana, mmoja chuo mmoja dukani, kwasababu hela ya wote wawili haikutosha. Hubert ndo akaenda moja kwa moja.

Hubert alirudi Seneti 1971, akapata saratani ya kibofu, na Agosti 1977 ikajulikana haiponi. Akarudi nyumbani Waverly, Minnesota, na akakaa na simu. Alikuwa anapiga simu watu asubuhi mpaka usiku, marafiki, wapinzani, wagonjwa wenzake hospitali, anawaaga bila kulia. Krismasi ile akampigia Nixon. Nixon yule aliyemshinda 1968, aliyejiuzulu kwa aibu 1974 na tangu hapo hakuwa amekanyaga mjini Washington, chama chake mwenyewe hakimtaki. Humphrey akamwambia akifa aje kwenye msiba wake, akae na wenzake waliowahi kuwa marais.

Alifariki tarehe 13 Januari 1978. Mwili ukawekwa ndani ya jengo la bunge, Muriel akapewa kiti chake Seneti akawa mwanamke wa kwanza wa Minnesota mle ndani. Na kwenye ibada Nixon alikuwepo, kakaa na Ford na Carter.

Binti, nikisoma hapo kwa Nixon namwona yule mzee wa Doland anatoka kwenye kikao alichoshindwa, mtambo wa umeme umeuzwa, anawapa mkono waliomshinda na kuwaaga, na mtoto wake yupo nyuma anamwangalia.

Umeme umerudi wakuu. Kesho nafungua saa mbili.